Mnasema hamjapokea malalamiko

Kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni, wakuu wa vipindi vya vichekesho, na nyinyi mnaosimamia kanuni za utangazaji.

Waheshimiwa,

Kila mnapoulizwa kama vichekesho vya televisheni kuhusu wanaume mashoga ni matusi, jibu lenu huwa liko tayari: watu wanacheka, idadi ya watazamaji ni nzuri, na dawati la malalamiko halijapokea barua yoyote ya maana. Mkishasema hivyo mnafunga faili. Naomba mlifungue tena, kwa sababu kuhesabu malalamiko, kwa jambo hili hasa, ni kuhesabu kitu kisichoweza kufika mezani kwenu.

Fikirini ni nani angeiandika hiyo barua mnayoisubiri. Mtu mnene akichekwa kwenye kipindi anaweza kupiga simu kituoni akafoka, na hakuna siri yake itakayotoka. Mwenye kipara vivyo hivyo. Mwanaume anayependa wanaume, ili alalamike, lazima kwanza aeleze kwa nini jambo lenyewe limemchoma, na fomu yenu inamdai jina kamili, namba ya simu na anwani. Katika nchi zaidi ya 60 uhusiano wa namna hiyo bado ni kosa la jinai, kwa hiyo huko malalamiko ni nusu ya kukiri mahakamani. Hata pale sheria ilipokwisha kufutwa bado yupo baba, yupo mwajiri, yupo mwenye nyumba.

Halafu yupo kijana wa miaka kumi na sita, amekaa sebuleni na ndugu zake, kipindi kinaendelea. Yeye hana habari na barua. Ana kazi nyingine ya kufanya: anaangalia nani anacheka. Anaona mama amecheka kidogo kisha akaguna, kaka mkubwa amecheka mpaka akajipiga paja, baba ameongezea la kwake. Baada ya hapo anajua ni nani humo ndani hawezi kumwambia neno, na pengine atalibeba jibu hilo kwa miaka. Naye alicheka, tena kwa sauti, maana asiyecheka huulizwa mbona hacheki. Vipimo vyenu vya watazamaji vimemhesabu kuwa mmoja wa waliofurahia kipindi.

Ndiyo maana nasema kimya cha dawati lenu hakithibitishi lolote. Mnaoyapata ni malalamiko ya watu wenye uhuru wa kulalamika.

Naandika nikiwa ndani ya kazi hii. Mimi ni mwandishi wa vichekesho; nalipwa ili watu wacheke, na wasipocheka silipwi mara ya pili. Sipendi kichekesho kilichochemshwa mpaka kikapoteza ladha, na sitaki orodha ya watu wasioguswa. Anayefikiri barua hii ni ya kuomba marufuku amekosea mlango, na sababu yangu ya kwanza ya kuchukia marufuku inatoka katika historia ya jambo hili hili.

Mwaka 1930 wakubwa wa filamu wa Marekani walijiwekea kanuni ya maadili, na kuanzia 1934 ikaanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma. Mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa kuonyeshwa, hata kwa kudokeza. Mtu angedhani basi wanaume wa aina hiyo walitoweka kwenye skrini. Wapi! Walijaa tele. Alikuwepo karani wa hoteli mwenye kubabaika, mshonaji anayerembua macho, meneja wa duka anayeshtuka kwa kila kitu na kupepea leso. Mwigizaji Franklin Pangborn alijulikana kwa nafasi za namna hiyo filamu baada ya filamu. Watu hao hawakuwa na mpenzi, hawakuwa na nyumbani, na hakuna aliyewataja walivyo. Walipita, ukumbi ukacheka, wakatoka. Kwa maneno mengine, kilichopigwa marufuku ni maisha yao. Kuwacheka kulibaki halali. Televisheni ilipokuja ikarithi mtu huyo mzimamzima, pamoja na leso yake.

Kwa hiyo wale wenzangu wanaoshauri kwamba, ili kukwepa matatizo, tusiwataje kabisa, nawaambia tulishapita njia hiyo. Dhihaka ilinawiri humo humo.

Na si kila kichekesho kuhusu mashoga ni kichekesho dhidi yao. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa redio, mtanisamehe. Kati ya 1965 na 1968 BBC ilikuwa na kipindi cha Jumapili mchana kiitwacho Round the Horne, na ndani yake wanaume wawili, Julian na Sandy, walioigizwa na Hugh Paddick na Kenneth Williams. Kila wiki walikuwa na biashara mpya, na kila wiki mtangazaji mstaarabu Kenneth Horne aliingia dukani kwao akakuta maneno yanamzunguka kushoto na kulia. Walichanganya Kiingereza na Polari, msimbo wa mashoga na watu wa majukwaani uliowasaidia kuongea mbele za watu bila kueleweka. Kipindi kilipoanza, mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa kosa la jinai nchini humo. Uingereza na Wales zililegeza sheria hiyo mwaka 1967. Yaani familia nzima ilikuwa ikisikiliza, baada ya chakula cha mchana, watu ambao sheria ingeweza kuwafunga, na watu hao ndio waliokuwa na akili kuliko wote kipindini. Hawakuomba radhi, hawakuchekwa kwa kuwa walivyo. Walichekesha kwa kuwa wepesi wa ulimi. Aliyeijua Polari alicheka kichekesho cha pili ambacho jirani yake hakukisikia. Sioni tusi hapo. Naona ustadi ambao mpaka leo nauonea wivu.

Lakini ngoja nisifanye mambo kuwa mepesi. Kuanzia 1972 hadi 1985 televisheni ya BBC ilionyesha Are You Being Served?, na humo John Inman aliigiza muuza nguo, Bwana Humphries, mwenye sauti ya juu, mwendo wa madaha na kauli moja ambayo nchi nzima iliijua. Wanaharakati wa haki za mashoga walimlalamikia hadharani kwamba anawarudisha nyuma. Wengine, mashoga vilevile, walimpenda sana, kwa sababu alikuwa mchangamfu, hakuonewa na mtu, na katika televisheni ya siku zile hawakuwa na sura nyingine ya kuitazama. Wote wawili nawaelewa. Kinachonisumbua mimi ni kingine. Humphries alibaki mtu wa vidokezo miaka yote: anaishi na mama yake, na mengine yote ya maisha yake yanasemwa kwa kukonyeza. Inman mwenyewe alikuwa na mwenzi wake kwa miongo mingi, na mwaka 2005, sheria iliporuhusu, waliandikisha uhusiano wao rasmi. Kamera iliyopenda mwendo wake isingekubali kumsindikiza nyumbani. Ile kanuni ya 1934 ilikuwa imekwisha kufa, ila mazoea yake yalikuwa hai.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, matusi. Mnapenda kuuliza nani kaudhika. Hebu tazameni nani aliyeudhika tarehe 9 Februari 1971. Usiku huo kituo cha televisheni cha Marekani, CBS, kilirusha kipindi cha vichekesho cha All in the Family ambamo Archie Bunker, mzee mwenye mdomo na ubaguzi wa kila aina, anamdhihaki rafiki wa mkwewe kwa sababu ya mavazi na mwendo wake. Halafu anakwenda baa kwa marafiki zake wa kweli, wanaume wa shoka, na huko Steve, mcheza mpira wa zamani ambaye Archie anamhusudu, anamwambia kwa upole, wakishindana nguvu za mikono, kwamba shoga ni yeye, Steve. Archie anakataa kuamini. Kichekesho chote kinamwangukia aliyekuwa akicheka. Miezi michache baadaye Rais Richard Nixon alilalamika ofisini kwake mbele ya wasaidizi wake kwamba kipindi hicho kinawatukuza mashoga. Mitambo yake mwenyewe ya kurekodi ilimnasa, na kanda hizo leo ni mali ya umma.

Kama kuudhika kwa mtazamaji ndiko kipimo, basi kipindi kile kingefutwa, maana aliyeudhika alikuwa mwenye cheo kuliko wote nchini. Haifai kuwa kipimo. Watu huudhika kwa kuonewa, na huudhika vilevile kwa kunyang'anywa nafasi ya kuonea. Barua mbili hizo zikifika kwenye dawati lenu zinahesabiwa sawa.

Nanyi waandishi wenzangu, msishangilie mapema kwa mfano huo. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya kuwauliza watazamaji wa Marekani na Kanada juu ya Archie, na wakaona kwamba waliokuwa na ubaguzi mwingi ndio walioelekea zaidi kumpenda na kumwona mshindi. Waandishi walikusudia kumcheka. Sehemu ya sebule ilikuwa ikicheka pamoja naye. Nia njema ya mwandishi, basi, haitoshi kumwondolea lawama. Nasema hivi kwa sababu najua utetezi wa kwanza tunaoutoa tukiitwa ofisini: "Mmekielewa vibaya." Pengine. Lakini kazi yetu ni kueleweka.

Nikisoma mswada mezani najiuliza jambo moja tu kwa kila kichekesho cha namna hii: nikimwondolea mtu huyu ushoga, kinabaki nini? Kuna vichekesho ambavyo hubaki na tabia, uongo uliomnasa mtu, tamaa, kiburi, ulimi mkali. Na kuna vile ambavyo hubaki na mlango uliofunguka tu. Mnakijua kichekesho hicho. Mwanaume anaingia, kalegeza kiganja, kabana sauti, hajamaliza hata salamu, na kicheko kimeshalipuka. Hajasema kitu cha kuchekesha. Kichekesho ni kwamba yupo.

Na kicheko chenyewe kimetoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka msikilize kwa makini, maana hapa ndipo wajibu unapokuwa wenu moja kwa moja. Tangu miaka ya 1950, mhandisi wa sauti Charley Douglass alipotengeneza mashine yake ya kuhifadhi vicheko na kuvitoa kwa kubonyeza vitufe, kicheko cha televisheni kimekuwa kitu cha kuchagua. Mhariri huamua kianzie wapi, kiwe kizito kiasi gani, kidumu sekunde ngapi. Hata kipindi kikirekodiwa mbele ya watu, sauti yao hupunguzwa hapa na kuongezwa pale. Kwa hiyo mwanaume yule anapofungua mlango na kicheko kikalipuka, kuna mtu mwenye mshahara, ndani ya jengo lenu, aliyeamua kwamba kuonekana kwake ni mahali pa kucheka. Mtazamaji wa nyumbani haoni mkono uliobonyeza. Anachosikia ni umati wa watu, watu wazima, wenye furaha, wanaokubaliana.

Kukubaliana huko ndiko kunakofanya kazi. Mwanasaikolojia Thomas Ford wa Marekani amelichunguza hili kwa miaka mingi, na nadharia aliyoichapisha na Mark Ferguson mwaka 2004 ni ya kiasi kuliko mnavyoweza kuhofia. Haidai kwamba kichekesho cha kudharau humpandikizia chuki mtu asiyekuwa nayo. Inasema kwamba mtu ambaye chuki anayo tayari, lakini amezoea kuizuia mbele za watu, akisikia kichekesho hicho kinachekewa huchukua kwamba hapa pana ruhusa. Masharti ya adabu yamelegezwa kidogo, na yeye hulegea nayo. Katika utafiti uliofuata, wa 2014, Ford na wenzake waliona kwamba jambo hili linawapata zaidi watu ambao jamii bado inabishana juu yao, mashoga wakiwemo. Kuwacheka wabaguzi hakukuleta matokeo hayo, kwa sababu juu ya wabaguzi jamii ilikwisha kuamua.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, waliosema hivyo hawakuhitaji maabara. Lakini nimewaletea maabara kwa sababu najua mwenzenu mmoja alivyojibu. Oktoba 2021, Ted Sarandos, mmoja wa wakuu wa Netflix, akitetea onyesho la mchekeshaji Dave Chappelle lililolalamikiwa hasa kwa maneno yake juu ya watu waliobadili jinsia, aliwaandikia wafanyakazi kwamba kinachoonyeshwa kwenye skrini hakigeuki moja kwa moja kuwa madhara nje ya skrini. Siku chache baadaye, wafanyakazi wakijiandaa kuacha kazi kwa siku hiyo na kutoka nje, alikiri kwamba alilishughulikia vibaya. Neno "moja kwa moja" lilikuwa linabeba mzigo mkubwa mno katika sentensi ile. Hakuna anayedai kwamba mtu anazima televisheni na kwenda kumpiga jirani. Dai ni kwamba kesho yake shuleni, kazini, kwenye basi, maneno fulani yanatoka mdomoni kwa urahisi zaidi, na anayeambiwa akikasirika anaambiwa hana ucheshi.

Kuna aina mbili za kichekesho hiki ambazo sina subira nazo, na nitazisema haraka.

Ya kwanza ni ya gerezani. Mhalifu anakamatwa, na mtu anamwambia asije akaangusha sabuni bafuni. Kicheko. Kinachochekwa hapo ni mwanaume kubakwa. Ushoga umetumika kama gunia la kufunikia ubakaji ili usionekane. Vituo vinavyokata neno moja la tusi katika kipindi cha jioni vinapitisha hiki saa ambayo watoto hawajalala.

Ya pili ni ya ugonjwa. Mwaka 1983 kituo cha Marekani cha HBO kilionyesha onyesho la mchekeshaji Eddie Murphy ambamo, katikati ya maneno mengi dhidi ya mashoga, alitania kwamba wanawake wenye marafiki mashoga wangeleta UKIMWI nyumbani kwa busu. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa mpya, watu walikuwa wanakufa, na wengi walikuwa hawajui unavyoambukizwa. Kichekesho kilikuwa pia taarifa ya afya, tena ya uongo, iliyotolewa na mtu aliyesikilizwa kuliko madaktari. Mwaka 1996 Murphy aliomba radhi. Msemaji ndiye aliyebaki na aibu. Sijaona kituo kikiulizwa kwa nini kiliamua kwamba yale yanafaa kuuzwa.

Sasa pingamizi ambalo nalipenda, kwa sababu ni la haki: "Mbona kila mtu anataniwa? Mama mkwe, mwanasiasa, daktari, mnene, mwembamba. Kuwaacha mashoga peke yao ndio ubaguzi." Nakubali sentensi ya mwisho. Mtu anayekwepwa kutaniwa kwa hofu hajakaribishwa mezani, amewekwa kando kwa heshima. Lakini angalieni hesabu ya kila mmoja. Mama mkwe akichekwa saa mbili, saa tatu ni shahidi katika tamthilia, saa nne ni waziri kwenye taarifa ya habari, na katikati ni mteja wa benki kwenye tangazo. Kichekesho kimemchukua kipande kimoja tu. Kuna vituo ambavyo mwaka mzima mwanaume shoga haonekani popote ila pale mlango unapofunguka na kicheko kikalipuka. Kichekesho hakijachukua kipande cha picha yake. Ndiyo picha nzima.

Pale picha ilipoongezwa, vichekesho havikufa. Tarehe 30 Aprili 1997 mhusika aliyeigizwa na mchekeshaji Ellen DeGeneres, muda mfupi baada ya mwigizaji mwenyewe kufanya hivyo, alijitangaza kuwa anapenda wanawake kwenye kituo cha ABC mbele ya watazamaji milioni 42 hivi, na kipindi kilikuwa cha vichekesho mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata kilifutwa, ni kweli, lakini mwaka huo huo wa 1998 kituo cha NBC kikaanza Will & Grace. Humo Jack ana madaha kuliko Bwana Humphries mara tatu, na waandishi hawakumwonea huruma hata kidogo. Tofauti ni kwamba Jack ana marafiki, ana wivu, ana ndoto za kijinga za usanii, na pembeni yake yuko Will, mwanasheria mwenye wasiwasi, shoga vilevile na asiyefanana naye. Wawili wakiwa chumbani, hakuna anayeweza kusema "ndivyo walivyo". Edward Schiappa na wenzake walipowachunguza watazamaji wa kipindi hicho walikuta kwamba waliokitazama zaidi walielekea kuwa na chuki ndogo zaidi, hasa wale ambao hawakuwa na marafiki mashoga katika maisha yao. Mwaka 2012 Joe Biden, wakati huo makamu wa rais, alikitaja kipindi hicho hadharani kuwa kimewaelimisha Wamarekani pengine kuliko chochote kilichowahi kufanywa. Wanasiasa hutia chumvi. Hata mkitoa chumvi yote, kinabaki kipindi kilichochekesha kwa miaka minane mfululizo na hakikumhitaji mtu afungue mlango ili achekwe.

Na kama mnataka kuona hofu yenyewe ikichekwa, tazameni kipindi cha vichekesho cha Seinfeld cha Februari 1993 ambamo mwandishi wa gazeti la wanafunzi anawadhania marafiki wawili, Jerry na George, kuwa wapenzi. Wanakanusha kwa jasho, na kila wakikanusha wanakimbilia kuongeza kwamba hata hivyo hakuna ubaya wowote. Kinachochekwa ni woga wa wanaume wawili wanaotaka kuonekana hawana woga. Kilinganisheni na kile kichekesho cha wanaume wawili waliokumbatiana kwa furaha, kisha wakagundua wamekumbatiana, wakarukiana mbali na kukohoa kwa sauti nzito. Viungo ni vile vile. Katika cha kwanza mwandishi anajua kwamba woga ni wa kijinga. Katika cha pili anaona woga ndio akili timamu.

Ninachowaomba hakigharimu sana.

Acheni kuniletea hesabu ya malalamiko. Kama kweli mnataka kujua, pokeeni maoni yasiyo na jina, na yasomwe na mtu anayejua kwamba barua moja ya aina hii inawakilisha nyingi ambazo hazikuandikwa. Wapo wasimamizi ambao kanuni zao haziangalii idadi hata kidogo: Ofcom ya Uingereza huuliza kama jambo linaloweza kuudhi, yakiwemo maneno ya kubagua watu kwa mwelekeo wao wa kimapenzi, lilihalalishwa na muktadha wake. Ni swali gumu na huamuliwa vibaya wakati mwingine, lakini ni swali la kazi yenyewe, na linaweza kujibiwa kabla kipindi hakijaruka.

Ajirini mashoga wanaochekesha, na msiwaajiri kwa ajili ya kuwauliza kama kichekesho fulani kinapita. Nimeona chumba cha waandishi kinavyofanya mtu wa namna hiyo akiwa mmoja tu: kila kichekesho kikisomwa macho yote yanamgeukia, naye anacheka haraka ili kazi iendelee. Ni sebule ile ile, ila hapa analipwa. Wakiwa wawili au watatu wanaanza kubishana wao kwa wao, na ubishi wao huzaa vichekesho ambavyo sisi wengine tusingevifikia.

Msifute vipindi vya zamani. Najua kufuta ni rahisi na kunaonekana ni ujasiri. Marudio ya zamani yanatuonyesha kilichochekwa na aliyekuwa akicheka, na sitaki mtu atuambie baadaye kwamba hayakuwahi kutokea. Mnaweza kuvirusha saa nyingine, mnaweza kuviwekea maelezo mafupi mwanzoni, viacheni viwepo.

Halafu kuna vipindi visivyo na mswada, na hivi naviogopa kuliko tamthilia zote. Watangazaji wa asubuhi, wachambuzi wa michezo, mashindano ya vipaji. Mchekeshaji mwenye mswada angalau amesomwa na mtu. Mtangazaji anayemcheka mgeni wake kwa sababu amevaa shati la waridi, akamwuliza kama "ana habari za kututangazia", hajasomwa na yeyote, na mgeni yuko hewani, hana pa kukimbilia isipokuwa kuapa mbele ya taifa kwamba yeye siye. Nimeona wageni wakiapa hivyo. Kama siye, amelazimishwa kumkana mtu mwingine ili aheshimiwe. Kama ndiye, mmemfanya aseme uongo mbele ya mama yake. Hamhitaji kanuni mpya kuzuia hilo. Mnahitaji mtayarishaji mwenye kifaa cha sikioni na ruhusa yenu ya kusema "hamia swali lingine".

Nitafurahi kupata jibu, na sihitaji tamko la sera. Chukueni vipindi vyenu vya vichekesho vya mwezi uliopita, kaeni na mhariri wa sauti, na kila mwanaume shoga anapoonekana andikeni kicheko kilianza akiwa amesema neno la ngapi. Nitumieni hizo namba.

Wenu katika kazi hii hii,

Mwandishi wa vichekesho